Jinsi Wanderers, mabingwa wa kwanza wa Kombe la FA, walivyotoweka katika ramani ya soka

MASHABIKI wanaposoma orodha ya klabu zilizowahi kutwaa Kombe la FA nchini Uingereza, macho yao hutua kwanza kwenye majina waliyoyazoea: Arsenal, Manchester United, Chelsea, Liverpool, Tottenham Hotspur. Ni wachache wanaoshuka hadi chanzo cha orodha hiyo, mwaka wa 1872, ambako kuna jina ambalo leo halina uwanja, halina ligi wala mechi ya kusubiriwa Jumamosi. Jina hilo ni Wanderers.

Klabu hiyo ya jijini London ilinyakua kombe hilo mara tano katika makala saba ya kwanza: 1872, 1873, 1876, 1877 na 1878. Mataji hayo ni sawa na yale ambayo Everton na West Bromwich Albion zimeyakusanya katika historia yao yote, na ni mengi kuliko ya Leeds United au Nottingham Forest.

Hata hivyo, miaka mitano tu baada ya kutia kibindoni taji la tano, Wanderers walikuwa wamekwisha. Hakuna aliyewapiga marufuku, na hakuna aliyewashusha daraja, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na ligi ya kushushwa. Walikufa polepole kwa sababu ile ile iliyowafanya wawe mabingwa: timu yao ilikuwa ya wageni watupu.

Ili kuelewa jambo hilo, ni sharti kurudi nyuma hadi enzi ya Malkia Victoria, wakati kandanda ilipokuwa bado mchezo wa vijana wa matajiri, na kila shule ikiucheza kwa sheria zake.

Wavulana waliosomea shule za mabweni za kifahari kama Eton, Harrow, Winchester na Westminster walikuwa wameuzoea mchezo huo tangu utotoni. Walipomaliza masomo na kuingia katika benki, ofisi za mawakili, jeshi au biashara za baba zao, walikosa pahali pa kuuendeleza. Waliotoka Eton hawakukubaliana na waliotoka Rugby kuhusu kushika mpira kwa mikono, wala kuhusu kumpiga mpinzani teke la muundi.

Mwaka wa 1859, kundi la vijana waliosomea Harrow lilianzisha timu katika kitongoji cha Leytonstone, mashariki mwa London, karibu na msitu wa Epping. Waliiita Forest, yaani msitu. Waliokuwa mbele katika shughuli hiyo ni ndugu wawili, John Forster Alcock na mdogo wake Charles William Alcock.

Forest ilikuwa miongoni mwa klabu zilizotuma wajumbe katika mkahawa wa Freemasons' Tavern jijini London mnamo Oktoba 26, 1863, siku ambayo Chama cha Soka cha Uingereza, FA, kilizaliwa. John Alcock aliiwakilisha. Katika mikutano iliyofuata mwaka huo, suala la kupigana mateke liligawanya wajumbe, na klabu ya Blackheath ikajiondoa, ikashika njia iliyoelekea kwenye raga. Waliobaki ndio walioandika sheria ambazo, baada ya kurekebishwa mara nyingi, zinatawala soka ya leo duniani kote.

Mwaka uliofuata, 1864, Forest iliondoka Leytonstone na kubadilisha jina. Wanderers maana yake ni watu wanaotangatanga, na jina hilo halikuwa pambo. Klabu haikuwa na uwanja wake. Leo ilicheza katika bustani ya umma ya Battersea, kesho ikaalikwa mahali pengine, na kuanzia mwaka wa 1869 ikawa inautumia mara kwa mara uwanja wa kriketi wa Kennington Oval, kusini mwa mto Thames. Uwanja huo nao ulikuwa wa kuazima.

Wachezaji pia waliazimwa. Kujiunga na Wanderers kulihitaji mtu awe na sifa ya uchezaji na, kwa desturi isiyoandikwa popote, awe amesomea shule iliyokubalika. Lakini mchezaji wa Wanderers aliweza pia kuchezea timu ya wenzake wa shule ya zamani, ya chuo kikuu, au ya kikosi chake jeshini. Hapakuwa na mkataba. Mtu aliandikiwa barua akiulizwa iwapo ana nafasi Jumamosi. Akiwa nayo alikuja, na akikosa hakuonekana. Mara nyingine timu iliingia uwanjani ikiwa na upungufu wa wachezaji.

Mpango kama huo ungeua klabu yoyote leo katika muda wa mwezi mmoja. Kwa miaka ya 1860 na 1870 ulikuwa na faida moja kubwa: Wanderers waliweza kuokota walio bora kutoka kila upande. Wapinzani wao walikuwa na wale waliokuwa nao tu.

MTU MMOJA, OFISI NYINGI

Aliyeishikilia timu hiyo ya watu waliotawanyika ni Charles Alcock. Mzaliwa huyo wa Sunderland alikuwa mshambuliaji hodari, lakini kipaji chake kikubwa kilikuwa katika uandalizi. Alikuwa mwandishi wa habari za michezo, mhariri wa kitabu cha mwaka cha soka, na kuanzia mwaka wa 1870 akawa katibu wa FA, wadhifa aliouhifadhi hadi 1895. Mnamo 1872 aliteuliwa pia kuwa katibu wa klabu ya kriketi ya Surrey, ambayo makao yake ni Oval. Si ajabu basi kwamba fainali nyingi za mwanzo zilichezwa katika uwanja huo: katibu wa soka na katibu wa uwanja alikuwa mtu yule yule.

Ni Alcock aliyependekeza kuanzishwa kwa Kombe la FA. Mnamo Julai 20, 1871, katika ofisi ya gazeti la The Sportsman jijini London, aliwaeleza wajumbe wenzake kuhusu shindano ambalo klabu zote wanachama zingealikwa. Wazo hilo alikuwa amelitoa Harrow, ambako mabweni yalishindana kwa mtindo wa anayeshindwa anatoka, mpaka bweni moja linabaki.

Kikombe kidogo cha fedha kilitengenezwa kwa gharama ya pauni 20. Klabu ya Queen's Park ya Glasgow, ingawa haikuwa tajiri, ilichanga gini moja, yaani pauni moja na shilingi moja.

Klabu 15 zilijiandikisha, karibu zote za London na maeneo jirani. Mashindano yenyewe yalikwenda kwa namna ambayo ingewashangaza mashabiki wa sasa. Katika raundi ya kwanza, Harrow Chequers waliopangwa kukabiliana na Wanderers walijiondoa. Katika raundi ya pili, Wanderers waliwalaza Clapham Rovers mabao 3-1. Katika ya tatu walitoka sare tasa na Crystal Palace, na sheria za mwaka huo zikaruhusu timu zote mbili kusonga mbele.

Nusu-fainali iliwakutanisha na Queen's Park, waliosafiri kutoka Scotland hadi London. Mechi hiyo pia iliishia sare ya 0-0. Waskoti hawakuwa na fedha za kukaa London kusubiri marudiano, wala za kwenda nyumbani na kurudi tena. Wakajiondoa.

Kwa hivyo, Wanderers walifika katika fainali ya kwanza ya Kombe la FA wakiwa wameshinda mechi moja pekee.

Fainali ilisakatwa Oval mnamo Machi 16, 1872 mbele ya watazamaji wapatao 2,000. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, kiasi ambacho kibarua wa enzi hiyo hangekitoa kwa urahisi. Wapinzani walikuwa Royal Engineers, maafisa wa kikosi cha wahandisi wa jeshi kutoka Chatham, waliopigiwa upatu kushinda kwa sababu walicheza kwa pamoja na kwa mpangilio. Wanderers, kama ilivyokuwa kawaida siku hizo, walitegemea zaidi chenga za mtu mmoja mmoja.

Lango halikuwa na wavu. Badala ya mwamba wa juu palifungwa utepe, na timu zilibadilishana pande kila bao lilipofungwa. Dakika ya 10 hivi, Luteni Edmund Creswell wa Engineers alivunjika mfupa wa mtulinga. Wachezaji wa akiba hawakuwa wamebuniwa, naye akakataa kuondoka, akaendelea kucheza pembeni akiwa na maumivu hadi mwisho.

Dakika tano baadaye, Robert Vidal aliwachenga walinzi na kumwandalia Morton Peto Betts, aliyefunga bao pekee la mechi. Katika orodha ya wachezaji, mfungaji huyo alijiita A. H. Chequer. Jina hilo lilikuwa fumbo la wazi: lilimaanisha mwanachama wa Harrow Chequers, klabu ile ile iliyojiondoa dhidi ya Wanderers katika raundi ya kwanza. Bao la kwanza katika historia ya fainali za kombe hilo, basi, lilifungwa na mtu ambaye kwa kanuni za leo angezuiwa kuingia uwanjani.

Kombe lenyewe halikukabidhiwa siku hiyo. Lilitolewa karibu mwezi mmoja baadaye, Aprili 11, katika karamu ya klabu kwenye mkahawa wa Pall Mall. Lilipokelewa na nahodha wa Wanderers, ambaye hakuwa mwingine ila Charles Alcock, katibu wa FA.

Mwaka wa 1873 mabingwa hao waliruhusiwa kusubiri fainali bila kucheza raundi yoyote, na pia kuchagua uwanja. Kwa kuwa hawakuwa na wao, walichagua Lillie Bridge, magharibi mwa London. Mechi ilianza asubuhi ili wachezaji na watazamaji wapate muda wa kwenda kutazama mashindano ya makasia kati ya vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge. Walipokuwa nyuma kwa bao moja, Oxford waliamua kumpeleka mlinda lango wao mbele kusaidia mashambulizi. Charles Wollaston hakuichezea nafasi hiyo. Wanderers walishinda 2-0.

KINNAIRD NA BAO LILILOFUTWA

Bao jingine katika mechi hiyo lilifungwa na mtu aliyekuja kuwa nyota mkubwa zaidi wa soka ya ridhaa. Arthur Kinnaird, mwana wa lodi wa Scotland na baadaye lodi mwenyewe, alikuwa na ndevu nyekundu ndefu na alipenda kucheza akiwa amevaa suruali nyeupe. Aliweza kucheza nafasi yoyote, hata langoni, na alikabili miguu ya wapinzani kwa ukali uliozua vichekesho. Inasimuliwa kwamba mamake alipoeleza hofu yake kuwa siku moja mwanawe angerudi nyumbani na mguu uliovunjika, rafiki mmoja alimtuliza akimwambia kuwa mguu huo hautakuwa wa Arthur.

Kinnaird alicheza fainali tisa za Kombe la FA na kushinda tano, tatu akiwa na Wanderers na mbili akiwa na Old Etonians, timu ya waliosomea Eton. Katika fainali ya 1876 timu hizo mbili zilikutana, naye akawa upande wa Old Etonians. Baada ya sare ya 1-1, Wanderers walishinda marudiano 3-0. Mwaka uliofuata Kinnaird akarudi kwa Wanderers kana kwamba hakuna lililotokea. Hakuna aliyeona ajabu.

Fainali ya 1877 dhidi ya Chuo Kikuu cha Oxford inastahili kusimuliwa. Kulikuwa na baridi kali na upepo uliowachapa wachezaji. Kinnaird alikuwa langoni. Mpira uliotoka kwenye kona ulimfikia, akaushika, kisha akarudi hatua moja nyuma na kuvuka mstari wa lango lake akiwa nao mikononi. Oxford walidai bao, nalo likakubaliwa. Kinnaird akawa mchezaji wa kwanza kujifunga katika fainali ya kombe hilo.

Wanderers walisawazisha dakika za mwisho kupitia kwa Jarvis Kenrick, kisha William Lindsay akafunga la ushindi katika muda wa ziada. Matokeo yalikuwa 2-1. Baadaye Kinnaird, ambaye wakati huo alikuwa mjumbe wa kamati ya FA, alishikilia kwamba mpira haukuvuka mstari. Wenzake walikubali neno lake, na bao likafutwa. Kwa takriban miaka 100 vitabu vya kumbukumbu viliandika kuwa Wanderers walishinda 2-0, hadi watafiti walipoyapekua magazeti ya mwaka ule na bao la Oxford likarudishwa mahali pake. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jinsi mchezo huo ulivyokuwa mali ya marafiki wachache.

Timu iliyocheza miaka hiyo ilikusanya watu wa kila aina, mradi tu wawe wa tabaka moja. Edward Bowen, aliyecheza fainali ya 1872, alikuwa mwalimu wa Harrow na ndiye aliyetunga maneno ya wimbo maarufu wa shule hiyo. William Kenyon-Slaney, aliyezaliwa India, alikuwa mwanajeshi, kisha akawa mbunge. Julian Sturgis, mzaliwa wa Boston nchini Marekani, alikuwa Mmarekani wa kwanza kushinda Kombe la FA, mwaka wa 1873, na baadaye akajulikana kwa riwaya na maandishi ya opera. Wollaston alishiriki ushindi wote tano, akawa mchezaji wa kwanza kujishindia mataji matano.

Ushindi wa tano ulipatikana Machi 23, 1878, Royal Engineers walipochapwa 3-1 Oval. Mlinda lango wa Wanderers, Sir James Kirkpatrick, alivunjika mkono mapema katika mechi hiyo na akabaki langoni mpaka kipenga cha mwisho.

Kanuni za shindano zilisema kwamba klabu itakayotwaa kombe mara tatu mfululizo italichukua liwe lake daima. Wanderers walikuwa wametimiza sharti hilo. Lakini walilirudisha kwa FA, kwa ombi moja: kwamba kanuni hiyo ifutwe, pasiwe na klabu nyingine itakayoruhusiwa kulimiliki. FA ilikubali. Blackburn Rovers waliposhinda mara tatu mfululizo kuanzia 1884 hadi 1886, walipewa ngao ya ukumbusho tu.

Pengine ulikuwa ungwana. Pengine pia Alcock, akiwa katibu wa klabu na wa chama, hakutaka shindano lake libaki bila kombe. Vyovyote iwavyo, sababu ya Kombe la FA kutokuwa mali ya mtu hadi leo ni uamuzi wa klabu iliyokuwa imebakiza miezi michache ya uhai wa maana.

MAJI YALIVYOPUNGUA KISIMANI

Dalili zilikuwa zimeonekana mapema. Mnamo 1875 Wanderers walizuru Glasgow, wakabanduliwa 5-0 na Queen's Park. Waskoti walikuwa wameacha mtindo wa mtu mmoja kukimbia na mpira huku wenzake wakimfuata kama nyuki. Walipasiana. Ili kupasiana, wachezaji wanahitaji kufanya mazoezi pamoja na kujuana, jambo ambalo timu iliyoundwa kwa barua za Ijumaa haikuweza kulifanya.

Pigo kubwa zaidi lilitoka ndani. Kadiri Kombe la FA lilivyopata sifa, ndivyo waliosomea kila shule walivyotaka timu yao wenyewe ishiriki. Old Etonians walijiimarisha. Old Carthusians, yaani waliosomea Charterhouse, wakaanzisha yao, na Old Harrovians vivyo hivyo. Mchezaji aliyekuwa akisikiliza wito wa Wanderers kwa kukosa pengine pa kwenda sasa alikuwa na nyumba yake, na ratiba zilipogongana alichagua nyumbani.

Mnamo Novemba 1878, miezi minane tu baada ya taji la tano, mabingwa hao watetezi walikutana na Old Etonians katika raundi ya kwanza. Walichabangwa 7-2. Kinnaird alikuwa upande wa washindi, na Old Etonians wakaendelea hadi kulitwaa kombe mwaka wa 1879.

Msimu uliofuata Wanderers waliondolewa tena na Old Etonians, safari hii 3-1. Katika msimu wa 1880-81 walijiandikisha, lakini hawakuweza kukusanya wachezaji wa kutosha, wakajiondoa kabla ya kugusa mpira. Wanderers hawakuonekana tena katika Kombe la FA.

Klabu ilibakia na mechi moja ya kila mwaka, ya wakati wa Krismasi dhidi ya wanafunzi wa Harrow, shule ambayo ndiyo chimbuko lake. Nayo ilikoma mwaka wa 1883. Hakuna mkutano wa kuivunja uliotangazwa, wala magazeti hayakuiandikia tanzia. Barua ziliacha kuandikwa.

Mwaka huo huo wa 1883 ndio soka ya Uingereza ilipobadilika. Miaka minne awali, Darwen, timu kutoka eneo la viwanda vya pamba vya Lancashire, iliwasumbua Old Etonians mpaka mechi ya tatu ikahitajika, ingawa wachezaji wake walilazimika kuchangiwa nauli ya safari za London. Wachezaji wake wawili kutoka Scotland walishukiwa kuwa wanalipwa kisiri. Kisha katika fainali ya 1883, Blackburn Olympic, timu iliyokuwa na wafumaji wa viwandani na mafundi, iliwalaza Old Etonians 2-1 katika muda wa ziada. Kombe likaenda kaskazini kwa mara ya kwanza. Old Etonians, washindi wa 1882, ndio waliokuwa timu ya mwisho ya ridhaa kulitwaa.

Mnamo 1885 FA iliruhusu rasmi wachezaji kulipwa. Alcock, mwanzilishi wa klabu ya waungwana ambao hawakulipwa hata senti, alikuwa miongoni mwa walioshinikiza uamuzi huo. Alitambua kwamba malipo ya siri yangeharibu mchezo kuliko malipo ya wazi.

Mara nyingi huandikwa kwamba soka ya kulipwa ndiyo iliyowaua Wanderers. Tarehe zinalikanusha hilo. Klabu ilikuwa kaburini miaka miwili kabla ya malipo kuhalalishwa, na waliowatoa katika kombe msimu baada ya msimu hawakuwa wafumaji wa Lancashire bali ndugu zao wa Eton. Bolton nao walijiita Wanderers mwaka wa 1877 kwa kuwa walihangaika kupata uwanja, lakini nyuma yao palikuwa na mji mzima wa wafanyakazi waliotaka kuwatazama. Wanderers wa London hawakuwa na mji, mtaa wala watoto wa kuwarithi.

Jina lao lilisafiri mbali kuliko wao. Mbali na Bolton na Wolverhampton, lilibebwa na klabu za Valparaiso nchini Chile, Montevideo nchini Uruguay, na Blantyre nchini Malawi, ambako Mighty Wanderers ni miongoni mwa timu zinazopendwa zaidi. Mnamo 2009 timu ya kutoa misaada iliundwa London kwa jina la klabu ile ya kale, na Novemba 2012 ikacheza na Royal Engineers katika uwanja wa Oval kukumbuka fainali ya kwanza. Wanajeshi walilipiza kisasi cha miaka 140 kwa mabao 7-1.

Alcock aliaga dunia mwaka wa 1907. Kinnaird alikuwa rais wa FA kuanzia 1890 hadi alipofariki mwaka wa 1923.

Kuhusu kikombe chenyewe, kile ambacho Wanderers walikuwa na haki ya kukiweka kabatini milele, kiliendelea kushindaniwa hadi 1895. Mwaka huo Aston Villa walikishinda na kukikabidhi kwa muuzaji wa viatu vya soka mjini Birmingham, William Shillcock, akionyeshe dirishani. Usiku wa Septemba 11 kikaibwa. FA iliwatoza Villa faini ya pauni 25, na kikombe kingine cha umbo lile lile kikatengenezwa. Hicho cha pili, kilichotumika hadi 1910, kiliuzwa mnada mwaka wa 2020 kwa pauni 760,000.

Cha kwanza hakijapatikana. Mnamo 1958 mzee wa miaka 83 aliliambia gazeti moja la Uingereza kwamba yeye na wenzake wawili ndio walioiba kikombe hicho, ingawa maelezo yake hayakulingana kikamilifu na yale yaliyoandikwa mwaka wa wizi. Alisema waliyeyusha fedha yake usiku ule ule, wakatengeneza sarafu bandia za nusu-krauni, wakazitumia madukani.